Chini ya mwembe, achana na nyasi

Kama una mwembe mkubwa uani na kila mvua zikikaribia unanunua nyasi za kupanda chini yake, pesa hizo afadhali ununue sukari. Nyasi za Kikuyu zimezoea jua na ubaridi wa nyanda za juu. Hapa Kisumu, tena kwenye kivuli kizito, hukonda, hugeuka manjano na kukuachia udongo mtupu. Paspalum huvumilia kidogo, lakini karibu na shina nayo husalimu amri. Wengine wakichoka hutandika kabro, vile vitofali vya saruji. Hilo sikushauri: maji ya mvua hukosa pa kuzama, na baada ya muda mizizi huanza kuyanyanyua mawe yenyewe.

Kwangu nimepanda tikini, yaani Asystasia gangetica, ua la porini linalojiotea kandokando ya njia na chini ya ua wa michongoma. Ni mmea wa kudumu. Shina lake hutambaa, na kila kifundo kinachogusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi, kwa hiyo mvua za Aprili hazina nafasi ya kuchimba mifereji. Ua ni dogo, jeupe. Inama ulitazame: kwenye petali ya chini kuna madoa ya zambarau, na hapo hapo ndipo nyuki hutua. Tafuta hilo. Kuna jamaa yake mwenye maua makubwa ya zambarau, asili yake Asia, ambaye wauza miche humsifia sana. Mrembo, ndiyo, ila wetu tunaye tayari.

Shangazi yangu wa Seme alipouona aliuliza, "Mwanangu, atipa yote hii utaila na nani?" Hakuwa mbali. Atipa, mboga ya kienyeji ya Waluo, ni ndugu wa tikini, ila ile ni ya msimu na husimama wima. Pwani tikini nayo hupikwa mboga.

Kupanda hakuhitaji utaalamu. Mvua za masika zikishika, kata vipande vya shina vyenye vifundo vitatu au vinne, fukia vifundo viwili vya kila kipande, acha ncha nje. Achanisha kwa kadiri ya futi moja. Usilime kwa jembe chini ya mwembe, utakata mizizi ya juujuu. Kijiti cha kutobolea shimo kinatosha. Wala usirundike udongo kwenye shina la mti, gome huoza. Pale kivuli kilipo kizito mno maua yatakuwa machache, lakini majani yatafunika.

Sasa kazi yenyewe. Tikini ni mkorofi. Tunda lake ni kifuko chembamba, kikikauka hupasuka na kurusha mbegu mita kadhaa. Mchana wa jua kali utasikia *ta! ta!* majanini, na baada ya mvua utakuta miche katikati ya sukuma wiki. Huko Malaysia imekuwa kero kwenye mashamba ya michikichi, na Florida na Australia nako inahesabiwa kuwa magugu vamizi. Hapa ni kwao, lakini hata mwenyeji huwekewa mipaka. Dawa ni kufyeka maua yanapopungua, vifuko vikiwa bado kijani. Ukingoja viwe kahawia umechelewa. Miche iliyotoroka ing'oe kwa mkono udongo ukiwa umelowa. Na kama kitalu chako cha mboga kimepakana na mwembe, mimi ningekwambia utafute mmea mwingine.

Majirani watakuuliza kuhusu nyoka na mbu, na maswali hayo si ya kupuuza. Kando ya njia na karibu na nyumba nafyeka hadi chini ya kifundo cha mguu, ili mtu aone anapokanyaga. Mbu hawazaliani kwenye majani bali kwenye maji yaliyotuama. Shida ni kopo au kifuniko cha chupa kilichojificha humo kikajaa mvua. Tena mbu waliokwisha kukomaa hupenda kupumzika penye ubaridi, kwa hiyo chini ya dirisha la chumba cha kulala usipande kabisa.

Kabla maembe hayajaanza kuanguka, fyeka eneo lote liwe fupi. Embe lililooza likifichwa na majani huzalisha nzi wa matunda, na funza wake huingia udongoni kugeuka nzi wapya watakaorudi kwenye maembe yaliyobaki mtini. Okota kila asubuhi. Majani unayofyeka wape sungura au mbuzi, wanayagombania. Januari na Februari tikini italegea na kulala kama imekufa. Usiing'oe. Maji uliyosuuzia mboga, ukiimwagia jioni, yatatosha kuivusha hadi Machi.