Valvu za Honda C70: T peke yake haitoshi

Ukiuliza kama kupanga T (alama ya kwenye magneti inayoonyesha pistoni iko juu kabisa) na alama ya kwenye kava kunatosha kurekebisha valvu za pikipiki ya C70, jibu ni hapana. T huja mara mbili katika mzunguko mmoja wa kemshafti (shafti inayofungua valvu), na unayoitaka ni ile ya kompresheni, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Fungua vile vifuniko viwili vya tapeti, shika roka (mikono inayosukuma valvu) kwa vidole uzitikise: zote mbili zikicheza kidogo, uko sahihi. Moja ikikaza, zungusha magneti raundi nzima, kinyume cha saa, hadi T irudi.

Nafasi kati ya skrubu ya roka na valvu ni 0.05 mm, kwa valvu ya kuingiza na ya kutolea, injini ikiwa baridi kabisa. Si vuguvugu. Fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo, halafu ukikaza nati pima tena, kwa sababu skrubu hupenda kuzunguka pamoja na nati.

Taimingi ya kemshafti ni jambo jingine. T ya kompresheni ikiwa imekaa sawa, fungua kava la pembeni la hedi (kichwa cha injini): alama ya O kwenye sproketi iangalie mkato wa juu wa hedi. Ikiwa imepita jino moja, cheni imeruka au ilifungwa vibaya, na hapo hata ukirekebisha tapeti siku nzima, pikipiki itabaki nzito. Ila usipime kwa jicho cheni ikiwa imelegea. Vuta kwanza ulegevu wake kwa kusukuma magneti mbele polepole.

Vipimo hivi ni vya kitabu cha mafundi cha Honda; mashine yenye hedi iliyobadilishwa ina vipimo vyake.