Usiiwashe hiyo simu ya zamani!!

Mkuu acha kwanza. Kama umeshaiwasha, zima data na Wi-Fi saa hii, halafu ndo uendelee kusoma.

Umesema uliselekti notsi yote kwenye app ya notsi ya simu ukitaka kukopi, kidole kikagusa herufi, maandishi yote yakageuka "k", ukatoka, na sasa unataka ukachungulie kwenye simu ya zamani labda huko bado ipo. Huenda ipo kweli. Ila ikipata neti tu inauliza kuna jipya gani, inaambiwa notsi siku hizi ni "k", nayo inatii. Kusinki (simu zako kufananisha notsi kupitia mtandao) siyo bakapu, yaani nakala ya akiba, jamani! Ukiharibu huku na kule kunaharibika.

Mwaka jana nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, ahadi za watu 114 nimeziandika kwenye notsi moja (ndio, moja, na daftari najua lipo, wife keshanikumbusha vya kutosha). Ikanitokea kama wewe, yangu ikabaki "m". Nikakimbilia kwa fundi mmoja, kachomekea shati vizuri kabisa, akachukua elfu 15 yangu akaniambia washa simu ya zamani uweke bando, itajirudisha yenyewe toka mtandaoni. Nikaweka bando kwa hela yangu mwenyewe. Nikafungua, list nikaiona kwa macho yangu, mjomba laki mbili, shemeji laki, nikaanza kucheka kama mjinga, mara ikapepesa hivi, ikawa "m". Yaani nimenunua bando la kufutia. Fundi ananiambia "hapo bosi itakuwa vairasi". Vairasi ni yeye!

Basi nikaanza kupigia watu mmoja mmoja, "samahani, hivi uliahidi shilingi ngapi?" Wakuu, nchi hii kumbe hakuna aliyewahi kuahidi zaidi ya elfu 50. Mjomba wa laki mbili akasema hakumbuki kama alishawahi kuahidi, akaniuliza harusi ni ya nani.

Sasa fanya hivi. Simu ikiwa bado imezimwa toa laini, zima na ruta ya nyumbani, maana ile simu inaikumbuka Wi-Fi na inaweza kuunga yenyewe kabla hujawahi kuweka flaiti modi. Washa, weka flaiti modi, fungua notsi, USIGUSE kitu ndani, chukua simu nyingine upige picha skrini yote mpaka mwisho. Usidanganyike eti ngoja nikopi vizuri, kidole chako tunakijua.

Na hao waliokwambia uende kwenye takataka ya app wapotezee, kule zinakaa notsi zilizofutwa nzima nzima, Keep (app ya notsi ya Google) inazishika siku 7, ya iPhone siku 30. Yako haijafutwa, imeandikiwa juu. Kile kishale cha kurudi nyuma kilikuwa dawa kabla hujatoka, sasa umechelewa. Kama siku hiyo hiyo uliwahi kuikopi na unatumia Gboard (kibodi ya Google) chungulia klipubodi, pale vinapokaa ulivyokopi, ila kitu ambacho hukukipini kinakaa saa moja tu.

Tena usifute app ukaiweka upya, wala usibonyeze futa data. Nani sijui hapo juu kashauri hivyo, na kapewa laiki 9!

Laini umetoa?