Maswali ya Wasomaji: Kichwa, Shingo na Taya

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Miezi minne sasa kichwa kinaniuma upande wa kulia tu. Kinaanzia kisogoni, kinapanda hadi nyuma ya jicho, na jioni huzidi. Shoga yangu ananiambia niende kwa tabibu wa kairopraktiki, wale wanaotibu uti wa mgongo na viungo kwa mikono, aninyooshe shingo. Shingo inahusiana vipi na jicho?

Inahusiana sana, dada. Mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu za shingo hupokelewa mahali pamoja na mshipa wa fahamu wa uso, kwa hiyo kiungo kilichokakamaa chini ya fuvu huweza kuliumiza jicho lisilo na kasoro yoyote. Maumivu ya upande uleule, yanayoanzia kisogoni na kuzidi baada ya kuinamia cherehani kutwa, yanaelekea huko.

Tabibu makini haparamii shingo. Atakuuliza maswali kwanza, kisha atakulaza chali, ainamishe kichwa chako mpaka kidevu kikaribie kifua, halafu akigeuze taratibu kulia na kushoto. Kwa kawaida kichwa hugeuka nyuzi 40 na ushei kila upande. Upande mmoja ukigomea kwenye nyuzi 30 hivi, wa kushukiwa ni kiungo cha pingili ya kwanza na ya pili. Hapo anaweza kukisogeza polepole kwa mkono, au kwa msukumo mmoja mfupi wa ghafla. Una haki ya kuchagua ile ya polepole, na sisi tungeanza nayo.

Mikono ya tabibu bila mazoezi ya nyumbani, lakini, ni kuteka maji kwa pakacha. Kaa wima, tazama mbele, rudisha kidevu nyuma mpaka uote kidevu cha pili. Hesabu sekunde 5, achia. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Wengi hukosea kwa kuinamisha uso. Macho yabaki usawa uleule. Ukipatia utahisi mvuto chini ya fuvu. Ganzi ikishuka mkononi, acha. Sogeza pia taa karibu na sindano usilazimike kuufuata mshono kwa shingo, na kila nusu saa simama dakika moja.

Zikipita wiki 6 bila nafuu, rudi hospitali ukapimwe upya. Na usikubali kulipia vipindi 20 kwa mkupuo.

Taya langu la kushoto linalia "kwa!" nikifungua mdomo, na asubuhi nyingine halifunguki vizuri. Jioni hutafuna miraa na wenzangu. Nimwone nani? Msomaji, Mombasa.

Mlio usio na maumivu hautaki tiba. Mbele kidogo ya sikio, ndani ya kiungo, mna kisahani cha gegedu. Kikiteleza mbele, mfupa hukirukia unapopanua mdomo, na huo ndio mlio. Kinachotushughulisha ni kutofunguka. Jipime: vidole vyako vitatu vya kati, vikipangwa kimoja juu ya kingine, viingie kati ya meno ya mbele. Vikiingia viwili tu, ama kisahani kimekwama ama misuli imekaza.

Miraa ina mkono wake hapa. Donge hukaa shavu moja saa nyingi, na chingamu juu yake, msuli wa kutafunia usipate hata robo saa ya kupumua. Vichangamshi vyake navyo huweza kukufanya ukaze meno hata baada ya kutema. Acha kutafuna kwa wiki tatu, chingamu pia. Kula vyakula laini, weka kitambaa cha moto shavuni dakika 15 mara mbili kwa siku. Muda wote ncha ya ulimi ikae nyuma ya meno ya juu, pale inapogusa ukitamka "n", midomo ifungwe, meno yasigusane. Meno hukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu; mengine yote ni kuichosha misuli bure.

Anza na daktari wa meno, maana gego la mwisho lililooza huiga maumivu hayohayo. Ukiwa unasaga meno usingizini atakutengenezea kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku. Mtaalamu wa fiziotherapia au wa kairopraktiki anaweza kuilegeza misuli, akivaa glavu na kuikanda kwa ndani ya shavu. Anayetaka kulisukuma taya kwa nguvu, mwage.

Je, kairopraktiki inaponya kipandauso?

Haiponyi. Daniel David Palmer, aliyeianzisha tiba hii Davenport, Marekani, mwaka 1895, aliamini karibu kila ugonjwa hutokana na pingili zilizokaa kombo. Imani hiyo haikuthibitika. Kichwa kinachopwita, chenye kichefuchefu na kuchukia mwanga, kikikukamata saa 4 hadi 72, kinataka dawa zake. Kukandwa shingo huwapa baadhi ya watu ahueni, basi. Hesabu pia siku za dawa: ukinywa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi mitatu, dawa yenyewe huweza kuwa ndiyo inayokiumiza kichwa.

Kinyozi wangu humaliza kwa kunigeuza shingo ghafla mpaka ilie. Kuna ubaya?

Upo. Mlio huo ni gesi tu kwenye maji ya kiungo, haukurudisha mfupa mahali. Ateri mbili zinazopanda ubongoni hupita kwenye matundu ya pingili za shingo, na msokoto wa ghafla huweza kuchana ukuta wao wa ndani. Damu ikaganda pale, ikaleta kiharusi. Ni nadra, lakini kinyozi hakukuuliza chochote kabla ya kukushika. Ukipata maumivu mapya ya shingo, kuona viwili viwili, ulimi mzito au mwendo wa kuyumba, hata siku kadhaa baadaye, nenda hospitali palepale.

Mama yangu ana miaka 68. Akitafuna mara chache taya linachoka na kuuma, panja linauma hata kwa kitana, na jana jicho moja lilififia kidogo. Tumpeleke kukandwa?

Mpelekeni hospitali leo, msingoje kesho. Huenda mishipa ya damu ya panja imevimba, na jicho likizimika huwa halirudi. Mwelezeni daktari hayo matatu kama mlivyotuandikia.