Akiba ya mabati 40 ilininunulia 29

Mwezi wa tano mwaka 2022 nilivunja kibubu mbele ya mama yangu. Nilikianza 2020, hela ya kuezeka upya nyumba yake kule Subukia. Fundi alikuwa amepima akasema mabati 40 yatatosha. Niliuliza bei ya bati moja, nikazidisha, nikaanza kudunduliza. Hesabu ilipotimia nikampigia simu aje Nakuru mjini tununue pamoja, na akaja amejifunga kile kitambaa chake cha kanisani.

Kwenye hadiwea, kijana wa kaunta alituandikia bei. Nilidhani amekosea, nikamwomba apige hesabu tena, naye akapiga tena. Zile pesa zilitosha mabati 29, na ya misumari haikubaki. Mama hakusema neno. Aliichukua ile karatasi ya bei, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani. Tulipofika steji ndipo akaniuliza, "Mwanangu, kwani uliibiwa?"

Nilimwambia, "Hapana, Mama, zote ziko." Na kweli zilikuwepo, hakuna aliyegusa hata noti moja. Lakini mabati 11 yalikuwa yameondoka, na tangu siku hiyo sijaweka akiba tena kwa kuhesabu shilingi peke yake. Daftari langu sasa limeandikwa kwa vitu: mabati mangapi, gorogoro (kopo la kupimia) ngapi za mahindi, karo ya muhula mmoja. Kila mwisho wa mwezi naulizia bei upya, nagawa, naona kama akiba imesogea mbele au imerudi nyuma. Kuna miezi nimeongeza shilingi 3,000 na bado idadi ya mabati ikapungua. Inauma, lakini afadhali uumie mapema ukiwa bado na nafasi ya kubadilisha mpango.

Nieleze hapa jambo ambalo huwatatiza wengi. Shirika la takwimu la taifa la Kenya, KNBS, hutangaza kila mwezi mfumuko wa bei, yaani bei zimepanda kwa asilimia ngapi ndani ya mwaka mmoja. Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2023 asilimia 6.9, na Oktoba 2024 asilimia 2.7. Watu waliposikia hiyo 2.7 walishangaa mbona dukani hawaoni nafuu. Mfumuko ukishuka, bei hazirudi zilikotoka. Zinaendelea kupanda, ila kwa mwendo wa polepole. Chukua kapu la vitu la shilingi 1,000 mwezi wa kumi 2021. Mwaka uliofuata kapu lile lile ni 1,096. Wa pili ni karibu 1,172, na wa tatu ni kama 1,203. Yaani noti ya elfu moja iliyolala chini ya godoro miaka hiyo mitatu iliamka na nguvu ya kama shilingi 830.

Na hiyo ni wastani wa nchi nzima. Katika kapu la KNBS chakula ni kama theluthi moja ya matumizi. Nyumbani kwangu, nilipoandika kila kitu kwa miezi miwili, chakula kilipita nusu. Kwa hiyo mwaka 2022 unga na mafuta ya kupikia vilipopaa, mimi niliumia kuliko ile namba ya redioni. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza Februari 2022 na kugusa ngano na mafuta, na mvua nazo zilikuwa zimekatika misimu kadhaa. Pakiti ya unga wa kilo 2 ikavuka shilingi 200. Julai serikali ikatangaza iuzwe 100, lakini mtaani kwetu ule wa mia haukukaa dukani. Kila nyumba ina mfumuko wake. Andika wako kabla hujaanza kujibana, maana nimeona watu wakikata sukari ilhali kinachowamaliza ni kitu kingine kabisa.

Kwangu kilikuwa mafuta ya kupikia ya kupimiwa. Kila jioni nilimtuma mtoto kwenye kioski na shilingi 20. Siku moja nikachukua chupa ya dawa ya mtoto yenye alama za mililita, nikamimina humo mafuta aliyoleta. Yalifika 40. Shilingi 20 kwa mililita 40 ni shilingi 500 kwa lita, na wakati huo lita nzima ilikuwa 380 duka la jumla. Mama wa kioski simlaumu hata kidogo, naye ananunua na kulipa kodi. Shida ni kwamba asiye na 380 leo analipa 500 kidogo kidogo. Nilichofanya ni kuanza na kitu kimoja tu. Wiki moja tulikula chakula cha kuchemsha, zile ishirini ishirini zikakusanyika, nikanunua lita. Tofauti ya lita ile ilichangia kununua sabuni ya mche mzima. Usijaribu kubadilisha vyote kwa mwezi mmoja, hutaweza.

Mahindi yalinifunza kwa ukali zaidi. Nilisikia ushauri wa kununua wakati wa mavuno, nikanunua gunia la kilo 90 mwezi wa kumi kwa bei nzuri sana. Sikujiuliza kwa nini ni nzuri. Yalikuwa mabichi. Kufikia mwezi wa pili nilipofungua, mkono ulitoka na unga wa fukusi, na chini yameshikana kwa kuvu. Nikamwaga karibu nusu, maana mahindi yenye kuvu usimpe mtu wala kuku. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mzee mmoja wa mashine ya kusaga alinionyesha jinsi ya kupima, na tangu hapo siendi kununua bila chupa yangu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia mahindi hadi kama theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, halafu iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji mengi, ondoka. Ikiteremka chini yote, zungumza bei. Na ukishanunua, yaweke kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa. Bei yake ni kubwa kuliko gunia la kawaida lakini inatumika zaidi ya msimu mmoja.

Sasa chama. Tulikuwa wanawake 12, kila mmoja 2,000 kwa mwezi, mmoja anapokea 24,000. Ni mpango wa haki bei zikitulia. Lakini wa kwanza alipokea Januari na wa mwisho Desemba, shilingi ni zile zile, na mwaka kama 2022 wa Desemba pesa zake zilinunua vitu vichache zaidi. Mimi nilikuwa wa kumi na moja. Nililisema kikaoni, nikaogopa wataniona mchoyo, kumbe wenzangu wawili walikuwa wameliona pia. Tulikubaliana mambo mawili: foleni inapigiwa kura upya kila mwaka, na waliokuwa mkiani wanatangulizwa mwaka unaofuata. Kama chama chenu hakijazungumzia hili, lianzishe wewe.

Pesa ambazo sitazihitaji hivi karibuni nilizitoa kwenye kibubu nikazipeleka sacco. Swali la kuuliza popote ni hili: inanilipa asilimia ngapi, na mfumuko ni asilimia ngapi? Ukilipwa 4 na bei zikapanda 9, unarudi nyuma kama 5 kila mwaka hata kama salio linaongezeka. Wenye kuanzia shilingi 50,000 wanaweza kununua hati za hazina za siku 91, yaani kuikopesha serikali kwa siku hizo, moja kwa moja kutoka Benki Kuu. Mwanzoni mwa 2024 zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka, kabla ya kodi. Riba hiyo hubadilika, kwa hiyo angalia ya wiki hii, usitegemee ya jirani. Mikopo ya simu kwa ajili ya chakula nakusihi uikwepe.

Nauli sina dawa yake. Bei ya mafuta ya gari hutangazwa tarehe 14 kila mwezi, na Septemba 2023 petroli ilipopita 200 niliamua kutembea asubuhi na kupanda matatu jioni tu.

Kuna kosa moja nililichelewa kuliona kwa sababu lilikuwa upande wa mapato. Nashona sare za shule. Kitambaa kilipanda, uzi ukapanda, vifungo vikapanda, nami nikaendelea na bei ya zamani mwaka mzima nisiwapoteze wateja. Nilikuwa natoa akiba yangu nawapa wao bila wao kujua. Siku hizi bei ninayomtajia mzazi inadumu wiki mbili, na namwambia hivyo tangu mwanzo. Waliohama hawazidi watatu.

Yale mabati 29 tuliyachukua siku ile ile, mama ndiye aliyesisitiza. Mengine 11 nilinunua mawili matatu kila nilipopata, nikiyasimamisha nyuma ya kabati. Nyumba iliezekwa Machi 2023. Ile karatasi ya bei bado anayo, ameiweka ndani ya Biblia.