Redio ndani ya boksi la mizigo la Hiace ya kulala

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kufunga redio na amplifaya (kikuza sauti) ndani ya boksi la mizigo chini ya kitanda cha Hiace yako, ukitumia betri ileile ya kuwashia gari. Inawezekana, ila mimi ningeweka betri ya pili. Ukipiga muziki usiku kucha kambini, asubuhi gari haliwaki, na porini ni nani atakayekusukuma?

Jambo la kwanza kabisa ni fyuzi. Iweke karibu na betri, isizidi sentimita 30 kutoka kwenye ncha ya chanya. Fyuzi hulinda waya. Ikikaa upande wa amplifaya, waya wote unaopita chini ya zulia unabaki bila kinga, na ukichubuka ukagusa bodi unawaka moto. Kwa amplifaya ya wati 400 halisi, tumia waya wa shaba wa milimita 10 za mraba na fyuzi ya ampea 40. Kila tundu la bati ambamo waya unapita livishe raba.

Redio nyingi za dukani zina waya wa njano wa umeme wa kudumu, mwekundu wa swichi ya gari, mweusi wa hasi. Huo mwekundu uunganishe na wa njano kupitia swichi yako ndogo, redio itawaka bila ufunguo.

Boksi litoboe matundu ya hewa, maana amplifaya huchemka. Tafadhali usiifunike na mablanketi.