Kwa wanaoanza kusoma kazi ya magavana wa Marekani

Insha yangu ya kwanza juu ya Al Smith, gavana wa New York, karibu yote ilihusu mwaka 1928, alipokuwa Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais, akashindwa na Herbert Hoover. Mwalimu aliirudisha na swali moja pembeni: huyu bwana kazi yake hasa ilikuwa ipi? Swali hilo ndilo ninalowaachia ninyi mnaoanza.

Anzeni na bunge la jimbo. Smith aliacha shule mapema baada ya kufiwa na baba yake, akafanya kazi katika soko la samaki la Fulton, na mwaka 1904 akaingia bungeni Albany, mji mkuu wa jimbo la New York, bila kuelewa miswada iliyowekwa mbele yake. Alijifungia usiku kuisoma mmoja baada ya mwingine, hata ile mirefu ya matumizi ya fedha, na mwaka 1913 akawa Spika. Kwa hiyo msiruke kurasa za bajeti kwa sababu zinachosha.

Kisha kaeni kwa muda kwenye tarehe 25 Machi 1911, moto ulipoua watu 146 katika kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York, wengi wao wasichana wahamiaji, huku mlango mmoja ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Smith alikuwa makamu mwenyekiti wa tume iliyochunguza viwanda baada ya hapo, na Frances Perkins, mtetezi wa usalama wa wafanyakazi aliyeisaidia tume hiyo, alihakikisha wajumbe wanajionea wenyewe: mwenyekiti, Robert Wagner, alitambaa kupita tundu dogo la ukutani hadi kwenye ngazi ya chuma iliyoganda barafu, iliyokomea karibu mita 4 juu ya ardhi, nayo ndiyo iliyoitwa njia ya kuokokea moto. Kwangu mimi, ugavana wa Smith ulianzia katika uchunguzi huo.

Alishinda mwaka 1918, akashindwa 1920, akarudi kwa ushindi wa 1922, 1924 na 1926, kwani muhula ulikuwa wa miaka miwili. Katika miaka hiyo alipigania kupunguza utitiri wa ofisi za jimbo hadi idara zisizozidi 20, na kumpa gavana jukumu la kuandaa bajeti. Vitabu vingi hulipita jambo hilo haraka. Mimi huwapa wanafunzi wangu wiki nzima, wakiwa na daftari, wachore nani aliwajibika kwa nani kabla na baada.