Mwalimu wa shule binafsi Tanga akiachishwa, aende CMA

Dada, umeuliza kama shule binafsi ikikuachisha kazi uende TSC, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu. Hapana, usiende; hiyo ni ya walimu wa serikali tu. Wewe wa shule binafsi unalindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa hiyo unapeleka lalamiko CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hapo hapo Tanga mjini.

Angalia sana tarehe: kuachishwa kazi ni siku 30 tangu uachishwe, madai mengine kama mshahara uliolala ni siku 60. Wengi wetu tunazungushwa na "meneja karudi wiki ijayo" mpaka siku zinaisha.

Utajaza fomu namba 1 ya CMA, lakini nakala unampa mwajiri kwanza kabla ya kuipeleka CMA. Nilimsindikiza mwenzangu wa Chumbageni. Karani hata hakusoma maelezo, alitafuta kwanza saini na mhuri wa shule kuonyesha wamepokea.

Ila kama hukufikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo, hoja ya kuachishwa isivyo halali haisimami. Hapo dai mshahara wa siku ulizofundisha na notisi yako.